Kilema cha Mti na Mkono wa Fundi

Hapa kwetu Likasi, mtu akienda ku soko kununua kinu, kiti cha mti ao sanamu, jambo la kwanza anafanya ni kukigeuza-geuza akitafuta kilema. Anapitisha kidole, anaangalia kama kuna ufa, kama mguu mmoja umekuwa mfupi kuliko mingine, kama sura ya sanamu imekwenda upande. Akipata kitu, bei inashuka palepale: "Hii iko na kilema, unipunguzie." Na muuzaji anapunguza, maana yeye mwenyewe ameisha kuamini kwamba kazi nzuri ni ile isiyo na alama yoyote.

Matokeo yake tunayaona. Wachongaji vijana wanasugua kazi kwa papie ya kusugulia mpaka alama zote za tezo zipotee. Nyufa wanaziziba kwa gundi iliyochanganywa na unga wa mbao, kisha wanapaka siraji nyeusi ya viatu juu ya yote. Kazi inang'aa kweli. Lakini panga kumi kwenye meza, utashindwa kusema ni nani aliyechonga ipi. Na kule nyumbani, kiti cha babu kilichofungwa waya kinawekwa nyuma ya mlango ili wageni wasikione, ao kinauzwa kwa franga kidogo kwa mpita njia, ambaye yeye anajua vizuri sana anachonunua.

Katika kurasa hizi tunapenda kutazama namna wachongaji wa zamani wa Katanga, na wenye kutumia kazi zao, walivyoishi na makosa ya mti na ya mkono. Tunaamini kwamba historia yao inasema kinyume cha soko letu la leo. Wengi kati yetu tumesoma shule ambako mstari ulinyooshwa kwa rula, na jicho la rula limetubakia. Basi tulivue kidogo.

Tuanze na mti wenyewe, kwani makosa mengi tunayomtwisha fundi ni ya mti. Wachongaji wetu walitoa kazi nzima katika kipande kimoja: kichwa, mikono, bakuli, kiti pamoja na mtu anayekibeba, bila msumari wala gundi. Walitumia shoka, tezo na kisu. Mara nyingi mti ulikuwa ungali mbichi, maana mti mbichi ni laini na chuma kinauingia bila kushindana. Lakini mti mbichi umejaa maji. Ukikauka unapungua, na haupungui sawasawa pande zote: kwa kufuata zile duara za umri wake unapungua karibu mara mbili kuliko kwa njia ya kutoka ganda kwenda kiini. Tena upande wa nje unakauka mbele, ndani kungali na maji. Basi sanamu nene iliyobakia na kiini chake katikati ni kama imeahidiwa ufa tangu siku ya kwanza, na ufa huo utaelekea kwenye kiini. Kinu na ngoma vinavumilia zaidi, kwa sababu vinatobolewa katikati na kiini kinatoka.

Hakuna ufundi unaoweza kulishinda jambo hili kabisa. Fundi analichelewesha tu: anaweka kazi kivulini, anaifunika, anaipaka mafuta ili maji yatoke polepole. Anachagua mti vilevile. Mulombwa, ule mti wa pori letu unaotoa utomvu mwekundu kama damu ukikatwa, unasifiwa kwa sababu haupungui sana. Lakini mulombwa mkubwa hauko tena karibu na mji. Makala yamekula pori, na kuanzia miaka ya 2010 ndugu yake mukula ulipakiwa kwenye malori kupelekwa ng'ambo, hasa Uchina. Kijana anayechonga leo anachukua mti anaoupata. Kumdai sanamu isiyopasuka hata kidogo ni kumdai kitu ambacho hata mababu wenye pori zima mbele yao hawakukiahidi.

Sasa, kitu kikipasuka walifanya nini? Walikishona. Fundi alitoboa vitundu vidogo pande mbili za ufa, akapitisha kamba ya magamba ya miti, rafia ao waya, akakaza kama vile mama anashona nguo iliyochanika. Mwandiko huo wa mishono tunaukuta kwenye vibuyu, bakuli, ngoma na vinyago, hapa Kongo na sehemu nyingi za Afrika. Penye kipande kilichopotea kabisa waliweka bamba la chuma lililopigwa misumari midogo. Jambo la kuangalia ni hili: mshono unaonekana. Fundi hakujaribu kuuficha. Wakati mwingine aliupanga vizuri hata ukawa kama pambo, safu ya mistari mifupi yenye nafasi sawa, na jicho linaufuata kwa furaha.

Sisi watu wa mukuba tungepaswa kulielewa hilo mbele ya wengine wote. Mababu wa inchi hii waliyeyusha shaba karne nyingi kabla ya Union Minière, na waliitwa "walaji wa shaba". Wakati wa Msiri, aliyetawala Bunkeya mpaka alipouawa mwaka 1891, wahunzi wa Bayeke walivuta shaba ikawa waya mwembamba sana wa kutengenezea vikuku. Na fimbo za heshima za wakubwa wa Baluba mara nyingi zilizungushiwa waya ao bamba la shaba. Shaba ilikuwa mali, na ilikuwa na nguvu. Katika inchi ya namna hiyo, waya unaong'aa juu ya mti mweusi ungewezaje kuwa aibu?

Wazungu walichelewa kuliona. Kwa muda mrefu wanunuzi wa Ulaya walipendelea kitu kizima. Ilikuwa mwaka 2007 ambapo muzé ya Quai Branly, kule Paris, ilifanya maonyesho mazima juu ya vitu vya Afrika vilivyotengenezwa na wenyewe baada ya kuvunjika, chini ya jina linalomaanisha "vitu vilivyojeruhiwa". Hapo watu walitazama mishono badala ya kuipita kwa jicho. Wajapani wao walikuwa wameisha kujulikana kwa desturi yao ya kintsugi, ya kuunganisha bakuli la udongo lililovunjika kwa utomvu wa mti na unga wa dhahabu, na wasomi wetu wengine wanaitaja sana desturi hiyo. Hatuwakatazi. Lakini mtu wa Katanga kusafiri mpaka Japani ili ajifunze heshima ya kitu kilichoshonwa, na kinu cha mama yake kimefungwa waya nyuma ya nyumba, inatuchekesha kidogo.

Mpaka hapa tumesema juu ya makosa ya mti. Yako makosa mengine, ya mkono, na hapo ndipo historia yetu inakuwa tamu zaidi.

Katika miaka ya 1930 Mbelgiji mmoja, Frans Olbrechts, alianza kutazama sanamu za Kongo kwa namna ambayo wenzake hawakuizoea. Wakati ule ilisemwa kwamba sanamu ya Mwafrika ni kazi ya kabila, si ya mtu; fundi alihesabiwa kama mkono usio na jina. Olbrechts, ambaye baadaye mwaka 1947 alipata kuwa mkubwa wa muzé ya Tervuren, alilinganisha masikio, macho, vidole, namna ya kukata kinywa. Kwa maonyesho makubwa ya Antwerpen ya mwaka 1937 na 1938 zilikusanywa kazi nyingi sana za Kongo fasi moja, na kati ya kazi za Baluba aliona kikundi kidogo kisichofanana na zingine. Kwa kuwa baadhi yake zilijulikana kutoka kijiji cha Buli, kaskazini ya Katanga ya zamani, akaita mtindo huo wa Buli, mtindo wa sura ndefu. Leo kazi ishirini hivi zinahesabiwa katika kikundi hicho. Moja iko New York, katika muzé ya Metropolitan, iliyoinunua mwaka 1979. Zingine ziko Tervuren, Berlin na kwingineko.

Ni kitu gani kilizitenga? Sura ya Kiluba ambayo wote wanaijua ni ya mviringo, laini, paji la uso pana, macho yamefungwa nusu, ngozi imenyooka kama ya mtu aliyelala vizuri. Fundi wa Buli alichonga kinyume. Sura zake ni ndefu na nyembamba, mashavu yameingia ndani, mifupa inaonekana, ngozi ina kunyanzi. Mwanamke anayebeba kiti cha mkubwa juu ya kichwa chake anaonekana kweli kwamba anabeba. Na mikono! Ni mikubwa kupita kiasi, vidole virefu vimefunguka, havilingani hata kidogo na mwili. Mwalimu wa kuchora angechukua kalamu nyekundu.

Lakini tufikiri. Kama fundi huyo angefuata kipimo cha wenzake, kazi zake zingechanganyika na mamia ya viti vingine, na sisi tusingejua kama aliishi. Njia yote aliyoifuata Olbrechts ilisimama juu ya mambo ambayo mnunuzi wa soko letu anayaita kilema: mkono mkubwa, shavu lililobonyea, kidevu kilichotoka. Kwa alama hizo ndipo mtu asiye na jina alianza kuwa mtu. Utafiti wa miaka ya 1970 ulileta hata jina, Ngongo ya Chintu, wa kijiji cha Kateba, upande ule ambako Baluba na Bahemba wanakutana. Mwaka 1980 Mmarekani Susan Vogel aliandika kwamba yawezekana katika kikundi hicho mna mikono zaidi ya mmoja. Na yeye vilevile alitumia nini ili kutenganisha mkono na mkono? Tofauti ndogo ndogo, mambo ambayo papie ya kusugulia ingeyafuta kwa nusu saa.

Karibu na kwetu zaidi, kwa Baluba Shankadi, kuna fundi mwingine ambaye jina lake halikuandikwa. Wataalamu wanamwita kwa nywele alizochonga, zinazoshuka ngazi kwa ngazi kama maji ya maporomoko. Alitengeneza misamo, vile vibao vya kulalia kichwa vilivyolinda nywele zilizosukwa kwa kazi ya siku nyingi. Watu wadogo wanaobeba kibao hawakai wima kama walinzi wa bendera. Mguu mmoja umekunjwa, mwingine umetupwa nje, mwili umejipinda. Ukizunguka kibao, kila upande unakupa kitu kingine. Upande wa kushoto haukuulizwa kufanana na wa kulia.

Hapa inafaa kuuliza: kazi ilipelekwa mbele ya jicho la nani? Lupona, kiti cha ufalme cha Baluba, hakikuwa cha kuwekwa sebuleni. Kilifungwa katika nguo nyeupe, kikalindwa katika kijiji kingine, na kilitolewa kwa nadra sana. Watu wengi hawakukiona maisha yao yote. Kilikuwa ni kikao cha roho ya mfalme kuliko cha mwili wake. Mwenye kukichonga hakuwa na sababu ya kuogopa mnunuzi wa kupitisha kidole. Alikuwa na hofu nyingine, kubwa zaidi, kama kitu kile kitakubaliwa na wale ambao kimechongwa kwa ajili yao.

Tazameni pia lukasa, ubao wa kumbukumbu wa chama cha Mbudye. Ni kibao chenye kuingia mkononi, kimebanwa kiunoni, mgongo wake umechorwa kama gamba la kobe. Juu yake kumepigwa shanga na vipande vya chuma, kubwa na ndogo, za rangi mbalimbali. Zingine zimejikusanya, zingine ziko peke yake. Mwenye elimu aliishika kwa mkono wa kushoto, akapitisha kidole cha kuume juu ya shanga, akasimulia asili ya ufalme, safari za wakubwa, fasi takatifu. Mwamerika Thomas Reefe aliandika juu yake mwaka 1977, na mwaka 1996 Mary Nooter Roberts na Allen Roberts walitoa kitabu kikubwa juu ya sanaa na kumbukumbu za Baluba. Shanga hizo zingepangwa sawasawa kama mistari ya daftari, lukasa ingekuwa bubu. Katika ile hali yake ya kutolingana ndimo maneno yalimokaa, na msomaji mmoja hakusoma sawa na mwingine, wala hakusoma leo kama alivyosoma jana.

Msomaji asifikiri kwamba tunahubiri uvivu. Wakubwa hawakuwa wapole kwa kila kosa. Kiti kinachoyumba kilirudi kwa fundi. Mpini uliochongwa bila kufuata nyuzi za mti ulivunjika shambani na jina la fundi likavunjika pamoja nao. Mfano mzuri kuliko yote ni ngoma ya mti yenye mwanya, ambayo Baluba wanaiita kyondo. Haina ngozi, ni gogo lililotobolewa kupitia mwanya mwembamba, na midomo miwili ya mwanya ndiyo inayopigwa. Lugha zetu zina sauti ya juu na ya chini, na ngoma inasema kwa kuziiga. Basi fundi anachonga mdomo mmoja mnene na mwingine mwembamba, ili mmoja utoe sauti ya juu na mwingine ya chini. Mtu asiyejua akiangalia ndani atasema fundi amekosea, upande mmoja umebaki mzito. Lakini midomo ikiwa na unene mmoja, ngoma inatoa sauti moja, na kijiji cha pili hakitasikia habari ya kifo wala ya karamu. Pale usawa njo kosa.

Kwa hiyo mzee aliyemkagua mwanafunzi wake alikuwa na swali lingine kuliko la soko letu. Aliuliza kama kitu kinasimama, kinabeba, kinasema, kinadumu. Ukiisha kujibu hayo, alama ya tezo iliyobaki mgongoni mwa kiti haikuwa na kesi.

Rula ilifika kwetu pamoja na shule na karakana za kikoloni. Mji wetu wenyewe, ulioitwa Jadotville mpaka mwaka 1966, ulijengwa na kampuni ya migodi, na kampuni ya migodi inapenda vipimo: bomba likizidi milimita moja haliingii. Hatulaumu, kwa bomba ni sawa. Shida ilikuja pale tulipochukua kipimo cha bomba tukampelekea mchongaji. Hata hivyo, katika wakati uleule wa ukoloni kulikuwa na jaribio moja la ajabu, la wachoraji, linaloangaza mambo ya wachongaji pia. Mwaka 1946, Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana iliyojulikana kama Hangar. Hakutaka vijana wake waige picha za Ulaya, wala hakuwanyoosha mkono. Kila mmoja alitakiwa kutafuta njia yake. Bela akachora kwa vidole bila kalamu ya manyoya. Mwenze Kibwanga akajaza picha zake kwa mistari mifupi mifupi. Pilipili Mulongoy akafunika mandhari ya nyuma kwa alama ndogo zisizohesabika. Romain-Desfossés alikufa mwaka 1954. Tunaweza kumwuliza maswali mengi huyo Mzungu aliyejifanya baba wa wote, na inafaa tumwulize. Lakini picha za watu wale watatu mtu anazitambua kutoka mlangoni, bila kusoma jina, na hiyo ndiyo hesabu ya mwisho.

Tutoke kidogo Katanga twende Tanzania, kwa kuwa kule kosa moja linasimuliwa kuwa lilizaa mtindo mzima. Wamakonde, ambao wengi wao walivuka kutoka Msumbiji, walikuwa wakichonga mpingo kwa ajili ya wafanyabiashara wa Dar es Salaam, hasa watu wa kawaida katika kazi zao: mzee na fimbo, mama na mtungi. Katika miaka ya 1950, inasimuliwa, mchongaji Samaki Likankoa alikuwa na sanamu ya namna hiyo, na mkono wake ukavunjika. Kwa kanuni ya soko kazi ilikuwa imekufa. Yeye akaendelea nayo, akaibadilisha sura ikawa kiumbe kisicho mtu, shetani, akampelekea mfanyabiashara Mohamed Peera, na Peera hakuikataa. Kisa cha namna hii huenda kimesuguliwa na midomo ya wasimulizi, lakini jambo lililofuata halina mashaka: mtindo wa shetani ulienea, na wachongaji wakaanza kulipenda gogo la mpingo lililopinda, lenye tundu na mafundo, ambalo mbele halikufaa kwa sanamu ya mzee na fimbo. Tundu likawa tumbo, pindo likawa shingo. Ule mti mweupe wa nje unaofunika kiini cheusi, fundi mwingine akauacha makusudi.

Na sisi tunao wenzetu wa malakite, hapa Likasi na kule Kolwezi, wanaochonga tembo, mayai na visahani vya majivu. Jiwe lile lina matundu, nao wanayajaza kwa unga wa malakite yenyewe na gundi. Hakuna mnunuzi anayelalamika kwamba duara za kijani hazilingani. Anazitafuta hizo duara, anachagua jiwe ambalo mistari yake imekwenda wazimu zaidi. Mtu huyohuyo akihamia meza ya pili, ya mti, anadai usawa. Jambo hilo tumeshindwa kulielewa.

Liko jambo la kusikitisha zaidi. Katika biashara ya vitu vya kale, kilema kimepanda bei. Wadanganyifu wanachukua sanamu iliyochongwa mwaka huu, wanaizika udongoni, wanaipa moshi, wanaiachia mchwa wale kidogo miguuni, wanaiweka juani makusudi ili ipasuke. Ufa unauzwa! Na wakati uleule familia zetu zinatoa kwa bei ya chini kitu cha kweli kwa sababu kina ufa wa kweli. Kati ya miaka ya 1960 na 1970 sanamu za wazazi za Bahemba zilitoka kwa wingi kuelekea Ulaya. Mwaka 1977 François Neyt aliweza kutoa kitabu kizima juu yake. Zile zilikuwa sanamu za watu waliojulikana kwa jina katika ukoo, wenye kupewa sadaka na kuombwa. Nyingine zilikuwa zimeliwa na mchwa chini, nyingine zimepoteza mguu. Anayeuza alihesabu kilichopungua, anayenunua alihesabu kilichobakia.

Ikiwa nyumbani kwenu kunabaki kitu cha namna hiyo, tunaomba mambo machache, ya mikono kuliko ya maneno. Musikisugue. Rangi ile nyeusi yenye kunata kidogo ni mafuta na jasho la mikono ya vizazi, ukiitoa hairudi. Musipake siraji wala vernisi. Ufa musiuzibe kwa gundi na unga wa mbao. Mti ungali unapumua kufuatana na mvua na kiangazi, na ukizibwa kwa kitu kigumu utapasuka pembeni. Waya wa zamani muuache fasi yake hata kama umepata kutu. Andikeni kwenye daftari nani alikichonga kama anajulikana, nani alikishona, mwaka gani, kwa sababu gani kilianguka. Mara nyingi mshono unakumbukwa vizuri kuliko kuchongwa kwenyewe: "Kilipasuka siku ya matanga ya fulani", ao "tulikishusha vibaya kwenye treni". Muulizeni bibi mbele usiku haujaingia.

Na vinu, ambavyo hakuna muzé inayovigombania, vina historia yao pia. Siku hizi sombe inasagwa kwa mashini ku soko, na kinu kikubwa kinatoka mara chache. Kikipasuka mdomoni, mama anakifunga waya wa chuma kwa kuukaza na kipande cha nondo, na kinatwanga tena miaka. Kikitoboka chini, kinapigiliwa bati ndani kwa ajili ya mahindi makavu tu. Kikikataa kabisa, kinageuzwa juu chini kinakuwa kiti pembeni ya mbabula, na aliyekikalia anaweza bado kuhisi kwa mkono zile alama fupi za tezo, zinazozunguka kutoka kuume kwenda kushoto, ambazo fundi aliona hazina sababu ya kufutwa.